Nani Aliyebonyeza "Kubali"?

Mfumo endeshi ni miongoni mwa programu za kwanza kuamka tarakilishi inapowashwa, na za mwisho kulala inapozimwa. Windows, macOS na Linux ni mifumo endeshi. Kwenye simu kuna Android na iOS. Programu nyingine zote hupitia kwake. Barua inayoandikwa, picha inayofunguliwa, nywila inayochapwa, karatasi inayotumwa kwenye printa: hakuna linalofanyika mfumo endeshi usilione. Mtu anaweza kuacha Facebook na maisha yakaendelea. Mfumo endeshi hauachiki, kwa maana bila huo mashine ni bati na kioo tu. Ndiyo sababu swali la nini unachokusanya, na unampelekea nani, ni zito kuliko swali kama hilo kuhusu programu yoyote nyingine.

Kwenye mlima wa Nyanchwa, unaoutazama mji wa Kisii, Kenya, kutoka juu, jambo hili limeingia bila kubisha hodi. Mlimani pana kanisa, shule na chuo cha Waadventista Wasabato. Mjini kuna Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake mwaka 2013. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa HELB, mwalimu anayetafuta stakabadhi ya mshahara, mkulima wa Nyamira anayewasilisha ritani za kodi za KRA siku za mwisho za Juni, kijana anayetaka cheti cha tabia njema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, wote huishia mbele ya kioo. Wachache wana tarakilishi zao. Wengi hutegemea simu, na simu ikishindwa huenda saiba, duka la huduma za mtandao. Hapo ndipo hali ya Kisii inapoachana na ya Paris au California. Sheria na masharti ya mifumo hii yameandikwa kana kwamba kila mashine ina mwenyewe mmoja, na kwamba mwenyewe huyo ndiye aliyeiwasha mara ya kwanza, akasoma, akakubali. Kisii mara nyingi aliyekubali ni mtu mwingine.

Data zenyewe hazilingani uzito. Kuna habari za mashine: ni ya aina gani, ina kumbukumbu kiasi gani, sasisho limekaa sawa au limekwama, programu gani imeanguka. Mtengenezaji hutumiwa habari hizi, zinazoitwa telemetria, ili arekebishe kasoro, na hoja yake ina ukweli ndani yake. Mfumo unaoendesha mashine nyingi mno duniani hauwezi kutengenezwa kwa kubahatisha. Kuna habari za matumizi: programu zipi zilifunguliwa na kwa muda gani, tovuti zipi zilitembelewa, maneno gani yalitafutwa. Hapo mashine imeacha kujieleza yenyewe na imeanza kumweleza mtu. Kisha kuna utambulisho, yaani akaunti ya mtumiaji pamoja na namba ya matangazo ambayo mfumo humpa kila mtu ili makampuni yaweze kuunganisha anachofanya katika programu hii na anachofanya katika ile. Na kuna mahali alipo, panapojulikana kwa setilaiti, kwa minara ya simu, hata kwa majina ya Wi-Fi zilizo karibu.

Mjadala mkubwa wa dunia kuhusu haya ulipamba moto Windows 10 ilipotolewa tarehe 29 Julai 2015. Microsoft iliwapa bure kwa mwaka mmoja waliokuwa na Windows 7 na 8.1, na mamilioni ya mashine zikahamia humo. Mfumo huo mpya ulituma telemetria kwa kawaida yake, na mtumiaji wa toleo la nyumbani hakupewa njia ya kuizima yote. Julai 2016 CNIL, mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa data, iliipa Microsoft notisi rasmi: kampuni ilikuwa ikikusanya hata majina ya programu zote zilizopakuliwa na muda uliotumika katika kila moja, mambo yasiyohitajika ili mfumo ufanye kazi. Mwaka uliofuata kampuni ilipunguza data za ngazi ya chini kwa karibu nusu, na CNIL ikafunga faili. Oktoba 2017 mamlaka ya Uholanzi nayo ikasema Windows 10 inavunja sheria ya nchi hiyo, kwa sababu watumiaji hawakuelezwa waziwazi nini kinachukuliwa. Ulaya ilipouliza, kampuni ilijibu na kurekebisha. Ni vyema jambo hilo kukumbukwa, kwa kuwa mara nyingi husemwa kwamba data hizi ni lazima na hazipunguziki.

Leo Windows hugawa data za uchunguzi katika mafungu mawili, za lazima na za hiari. Za lazima haziwezi kuzimwa kwenye matoleo ya kawaida. Za hiari zinaweza kubeba tovuti zilizofunguliwa katika kivinjari cha Edge, na pia hali ya kumbukumbu ya mashine programu inapoanguka. Microsoft yenyewe hukiri kwamba hali hiyo ya kumbukumbu yaweza kubeba, bila kukusudia, vipande vya faili iliyokuwa wazi. Faili hiyo yaweza kuwa barua ya kujiuzulu, matokeo ya hospitali, au orodha ya wanachama wa chama na akiba zao.

Yote haya huamuliwa kwenye ukurasa mmoja. Windows inapoandaliwa mara ya kwanza huonyesha mistari sita: mahali, kutafuta mashine iliyopotea, data za uchunguzi, uandishi na uchapaji, huduma zinazomlenga mtumiaji, na namba ya matangazo. Kila mstari una swichi yake, na kila swichi huja ikiwa imewashwa. Chini kuna kitufe cha kukubali. Anayetaka kukataa ana swichi sita za kuzima kwanza; anayetaka kukubali ana mbonyezo mmoja tu. Mtengenezaji anajua vizuri kwamba watu walio wengi huacha swichi kama walivyozikuta, na hiyo ndiyo sababu amezipanga hivyo.

Sasa tazama ukurasa huo, au ndugu yake wa Android, unavyopitwa katika duka la simu mjini Kisii, msimu wa bonasi ya majani chai, ambao kwa kawaida huangukia Oktoba. Mama wa makamo ameshuka kutoka Nyamira na pesa zake mfukoni, anataka simu ya kuzungumza na binti yake aliye ng'ambo kwa WhatsApp. Kijana wa dukani anafungua boksi, anabandua plastiki ya kioo, anaweka laini. Anaunganisha na Wi-Fi ya duka.

"Omong'ina, hapa wanauliza kama unakubali masharti."

"Wewe ndiye unayejua, mwanangu. Weka tu."

Kijana anabonyeza "Zaidi", "Zaidi", "Kubali". Simu inadai akaunti ya Google. Mama hana, kwa hiyo kijana anamtungia: jina la kwanza na la pili, tarakimu chache nyuma yake, mwaka wa kuzaliwa wa kukisia, nywila ambayo kijana huwatungia wateja wote ili asiisahau, na namba ya dharura ambayo ni ya duka. Pengine anaandika anwani hiyo nyuma ya risiti, pengine haandiki. Dakika kumi hazijaisha, WhatsApp imeingia, binti ameonekana kiooni, mama amecheka na kumbariki kijana. Hakuna aliyemdhulumu. Kijana alifanya kazi yake kwa upole. Lakini swichi zote zimebaki zimewashwa, na mama hajui kwamba ziliwahi kuwapo.

Matokeo huonekana miezi baadaye. Simu inapofutwa na kuanza upya, labda mjukuu amebonyeza ovyo, labda fundi ameitengeneza, Android hudai akaunti iliyokuwamo awali. Kinga hiyo iliwekwa kuanzia Android 5.1 mwaka 2015 ili simu iliyoibwa isimfae mwizi, na ni kinga nzuri. Ila haiwezi kutofautisha mwizi na mama asiyejua anwani aliyotungiwa. Risiti ilishapotea zamani. Simu iliyonunuliwa kwa jasho la majani chai inakaa juu ya meza ikiuliza jina ambalo mwenyewe hajawahi kulisikia, na njia inayobaki ni kumlipa fundi aivunje kinga hiyo kwa programu isiyojulikana ilikotoka.

Lililo baya kuliko usumbufu huo ni kwamba anayejua nywila ya akaunti anaweza kuifungua popote: majina yote ya simu, picha zilizohifadhiwa, mahali simu ilipo. Watu wengi wanaoogopa kampuni ya Marekani kuwasoma hawajawahi kujiuliza kama mtu wa mtaa wa pili anaweza kuwasoma kwa urahisi zaidi. Mfumo endeshi ulikusanya. Kijana wa dukani ana ufunguo.

Kwenye tarakilishi mambo hayatofautiani sana. Vipakatalishi vingi vinavyouzwa mjini ni vya mkono wa pili, vile vinavyoitwa eksi-Uingereza. Hupitia kwa fundi anayeweka Windows kutoka kwenye flashi, akaunti ni yake au ni ya kubuni, na mara nyingi Windows yenyewe haikulipiwa. Programu za kuidanganya Windows ijione imelipiwa humtaka fundi azime kwanza kingavirusi, na mashine ikishakubali hilo mlango umebaki wazi kwa chochote. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walionyesha kwamba nakala za KMSPico, moja ya programu hizo, zilikuwa zikisambazwa pamoja na virusi vya kuiba nywila na pochi za sarafu za kidijitali. Kwa mnunuzi wa namna hiyo telemetria ya Microsoft ndiyo ndogo kati ya shida zake.

Saiba ina hatari yake ya peke yake. Mteja huleta kitambulisho, kinaskaniwa, faili inawekwa kwenye Desktop, inapakiwa eCitizen au KUCCPS, tovuti ya kuomba nafasi za chuo, kazi imekwisha, mteja amelipa na kwenda. Ikiwa mwenye saiba ameingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, na hifadhi ya OneDrive imewashwa kwa folda za Desktop na Documents, nakala ya kitambulisho hicho imeshapanda kwenye akaunti yake mtandaoni. Tangu 2024 Windows 11 imekuwa ikiiwasha hifadhi hiyo yenyewe wakati wa maandalizi, bila kuuliza kwanza. Mwenye saiba akifuta faili kwenye mashine, hubaki siku kadhaa kwenye pipa la OneDrive. Yeye mwenyewe huenda hana habari. Kwa hesabu ya wateja wa siku moja ya kujaza fomu, amegeuka kuwa mtunza kumbukumbu wa nusu ya kata bila kuajiriwa na mtu.

Kwa upande wa simu, utafiti unaotajwa sana ni wa Profesa Douglas Leith wa Trinity College, Dublin, uliotoka Machi 2021. Alipima kinachotoka kwenye simu ya Pixel yenye Android na kwenye iPhone zikiwa zimetulia tu, hazijaguswa. Zote mbili zilituma habari kwa watengenezaji wake, kwa wastani kila baada ya dakika nne na nusu, zikiwamo namba ya IMEI inayotambulisha kifaa, namba ya simu na namba ya laini. Android ilituma takriban megabaiti moja kila saa kumi na mbili. iPhone kama kilobaiti 52. Google iliupinga upimaji huo ikisema kwamba kuwasiliana na seva ni sehemu ya kazi ya kawaida ya simu, kama gari jipya linavyotuma habari zake. Hata hivyo hesabu hiyo ina maana zaidi Kisii kuliko Dublin. Megabaiti moja kila nusu siku ni kama megabaiti 60 kwa mwezi, na mwenye simu ndiye anayezilipia kwenye bando lake. Anayenunua bando la siku kwa shilingi kumi au ishirini analipa nauli ya data zake mwenyewe kwenda kwa mwingine.

Oktoba mwaka huohuo Leith na wenzake wa Edinburgh walipima simu za Samsung, Xiaomi, Huawei na Realme. Hizo zilituma habari kwa watengenezaji, kwa Google, na pia kwa makampuni ambayo programu zake huja zimepachikwa tangu kiwandani, na mtumiaji hakuwa na njia ya kweli ya kukataa. Mfumo mmoja tu kati ya ile waliyoipima, /e/OS, ulikuwa hautumi karibu chochote. Nao ni Android pia, iliyoondolewa sehemu za Google. Kwa hiyo simu inaweza kufanya kazi bila kupeleleza; ni suala la uamuzi wa anayeitengeneza.

Afrika imewahi kupata mfano mchungu zaidi. Agosti 2020 kampuni ya usalama ya Upstream, pamoja na wanahabari wa BuzzFeed News, ilifichua kwamba simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za bara hili, Ethiopia na Ghana zikiwamo, zilikuwa na programu hasidi za Triada na xHelper zilizowekwa kabla simu haijamfikia mnunuzi. Ziliwasajili watu katika huduma za kulipia bila wao kujua na kula salio lao. Kampuni mama, Transsion, ilisema kosa lilifanywa na msambazaji katika mnyororo wa ugavi. Kufuta simu na kuianzisha upya hakukusaidia, kwa maana uchafu ulikuwa ndani ya mfumo endeshi wenyewe. Mnunuzi aliyechagua simu hiyo kwa sababu ndiyo aliyoimudu aliadhibiwa kwa umaskini wake, na hilo halina jina zuri.

Kuna pia simu za mkopo. Julai 2020 Safaricom, ikishirikiana na Google, ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo: mteja alitoa kianzio kisha shilingi 20 kwa siku. M-KOPA nayo huuza simu kwa malipo ya kila siku. Maelfu ya watu, waendesha bodaboda wakiwa mbele, wamepata simu za maana kwa njia hiyo, na faida yake haikanushiki. Lakini sharti la mpango ni kwamba asiyelipa hufungiwa simu kutoka mbali, na anayeweza kufunga ni lazima awe na mkono ndani ya mfumo endeshi. Kwa muda wote wa deni simu hiyo ina wenyewe wawili, na mmoja wao haonekani.

Mfumo endeshi huweza pia kuwa mlinzi. Ndio unaoamua programu gani isome majina ya simu, ujumbe mfupi au picha. Wakenya waliokopa kwa programu za simu kati ya 2017 na 2022 wanalikumbuka hili vibaya: aliyechelewa kulipa aliona mkwe wake, mwalimu wa mtoto wake, hata mchungaji wake wakipigiwa simu za kumwaibisha, kwa kuwa programu ilikuwa imenakili majina yote siku ya kwanza. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya namna hiyo, shilingi 2,975,000. Kilichosaidia kukata mzizi ni mabadiliko ya kanuni za duka la programu: tangu mwisho wa Mei 2023 Google imezikataza programu za mikopo ya binafsi kusoma majina ya simu na picha. Mstari mmoja wa kanuni huko California ulifanya kazi ambayo vilio vya miaka vilishindwa kufanya. Ni faraja, na pia ni jambo la kutia wasiwasi kwamba faraja hiyo iko mikononi mwa kampuni moja.

Linux hutajwa kama njia ya kutokea. Ubuntu, toleo lake maarufu, lilipewa jina kutokana na neno la Kibantu ambalo Mswahili hulisikia mara moja kuwa ni utu. Hata hivyo Oktoba 2012 Ubuntu 12.10 ilianza kupeleka maneno ambayo mtumiaji aliyatafuta ndani ya tarakilishi yake mwenyewe kwenye seva za nje ili aonyeshwe bidhaa za Amazon. Richard Stallman, mwasisi wa harakati za programu huru, aliita jambo hilo ujasusi bila kumung'unya maneno. Kelele zilikuwa kubwa, na kufikia toleo la 16.04 mwaka 2016 utafutaji huo ulikuwa umezimwa kwa kawaida. Debian, mzazi wa Ubuntu, humwuliza mtumiaji kama angependa kutuma takwimu za programu anazotumia, na jibu lililowekwa tayari ni hapana. Neno hilo moja ndilo linaloitofautisha na mistari sita ya Windows. Kiswahili nacho kina historia humu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili fasaha. Kwa mashine za zamani, Linux ni nyepesi na haina gharama ya leseni. Kinachoizuia Kisii ni kwamba fundi haijui, na mteja anataka kile alichofundishwa chuoni.

Swali la kuhamia Linux limekuwa la haraka tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 10 ilipoacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama. Windows 11 hudai kifaa cha usalama cha TPM 2.0 na kichakata cha miaka ya karibuni, vitu ambavyo mashine nyingi za mkono wa pili hazina. Microsoft ilitoa mwaka mmoja wa ziada kwa watumiaji wa nyumbani: kulipa dola 30, kutumia pointi 1,000 za zawadi zake, au kupata bure kwa kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio ya mashine kwenye seva za kampuni. Watu wa Ulaya, baada ya mashirika ya watumiaji kulalamika, waliondolewa sharti hilo la kuhifadhi. Mwenye kipakatalishi cha zamani Nyanchwa hakuondolewa. Asiye na dola 30 hulipa kwa data.

Mbele ya hayo kuna Recall, iliyotangazwa Mei 2024 kwa mashine mpya za Windows: mfumo hupiga picha ya kioo kila baada ya sekunde chache ili mtu aweze baadaye kutafuta chochote alichowahi kukiona. Wataalamu wa usalama walionyesha jinsi hifadhi hiyo ingeweza kusomwa na mwizi, kampuni ikaahirisha, na ilipoitoa Aprili 2025 ilikuwa imeifanya ya kuwashwa na mtumiaji mwenyewe, nayo imefungwa kwa alama ya uso, kidole au namba ya siri. Mashine hizo bado ni ghali kwa Kisii. Lakini mashine za ofisi za Uingereza za leo ndizo eksi-Uingereza za kesho kutwa.

Kwa sheria, Kenya haiko uchi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, na kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, aliapishwa Novemba 2020. Sheria hiyo inampa mtu haki ya kuelezwa data zake zinatumiwaje, haki ya kuzisahihisha, na haki ya kupinga. Malalamiko yanayofikishwa kwa Kamishna yanapaswa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Sehemu ya 32 ndiyo inayogusa duka la simu la Kisii moja kwa moja: anayechukua data kwa msingi wa idhini ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Idhini ya nani, basi? Kumbukumbu ya seva inaonyesha kwamba kitufe kilibonyezwa saa fulani. Haionyeshi kidole cha nani. Jambo hili linastahili kufikishwa mbele ya Kamishna na mahakama, kwa sababu likikubaliwa kwamba kidole cha muuzaji si idhini ya mnunuzi, sehemu kubwa ya idhini zilizokusanywa katika nchi hii haina miguu ya kusimamia.

Adhabu, hata hivyo, ni hafifu. Ukomo wake ni shilingi milioni tano, au asilimia moja ya mapato ya mwaka ya kampuni, na kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo. Desemba 2022 Oppo Kenya ilifikishwa kwenye ukomo huo kwa kutumia picha ya mtu Instagram bila idhini yake. Kwa kulinganisha, Novemba 2022 Google ilikubali kulipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5 katika kesi ya kuendelea kuhifadhi mahali watu walipo hata walipodhani wamezima. Shilingi milioni tano ni kama dola 40,000 tu.

Wazee wa Gusii, yaani eneo hili la Kisii, walijua namna nyingine ya kuandikwa, kabla ya simu na tarakilishi. Chini ya sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alibeba kipande, chenye alama za vidole na habari za mwajiri, ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni. Walikichukia, na walijua wanachukia nini, kwa kuwa kiligonga kifua kila hatua. Kinachobebwa leo hakina uzito wala sauti.

Anayetaka kupunguza anaweza kuanza leo. Kwenye Android, ndani ya Mipangilio, sehemu ya Google ina ukurasa wa matangazo ambapo namba ya matangazo hufutwa kabisa. Ukurasa wa akaunti una shughuli za wavuti na programu, ambako rekodi za mahali zilikuwa zikijificha, nazo huweza kusimamishwa. Kwenye Windows, swichi zile sita zimo ndani ya sehemu ya faragha na usalama, na data za hiari huzimwa hapo. Mwenye saiba anaweza kuandaa akaunti ya wateja isiyounganishwa na OneDrive na kuifuta kila jioni. Na simu mpya, au kipakatalishi cha mkono wa pili, inafaa ifutwe na kuanzishwa upya mwenyewe akiwa ameishika, akichagua Kiswahili, kama kipo, kwenye ukurasa wa kwanza wa lugha, akiandika anwani na nywila yake katika daftari linalokaa nyumbani. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa. Kijana wa dukani anaweza kukaa kando na kusoma kila mstari kwa sauti, kisha asubiri mama aseme ndiyo au hapana kabla kidole hakijagusa kioo.